Matayarisho ya Msafiri wa Hadado Aendaye Ng'ambo

Hadado ni mji mdogo wa Wajir Magharibi, katika sehemu ya Kaskazini-Mashariki ya Kenya. Mtu akitoka Wajir mjini na kushika njia ya magharibi, hupita nchi tambarare yenye vichaka vya miiba na migunga. Nchi hiyo hugeuka kijani kwa majuma machache baada ya mvua, kisha hurudia rangi ya vumbi. Mto utiririkao mwaka mzima hakuna. Maji hupatikana katika visima na katika mabwawa yanayokinga mvua, na wenyeji, ambao ni Wasomali, huhesabu utajiri wao kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mgeni aonaye mji kama huo aweza kudhani ya kuwa habari za nchi za ng'ambo haziwahusu watu wake. Lakini sivyo. Watu wa Wajir huenda Makka kuhiji. Vijana huenda kutafuta elimu au kazi. Na wazee huenda kuwaona watoto wao waliohamia Ulaya na Marekani. Wengi wao hupanda ndege Nairobi. Hata hivyo safari yao huanza zamani sana kabla ya siku hiyo, na wale wanaokwama, mara nyingi hukwama kabla ya kuiona hiyo ndege. Kwa hiyo yafaa kueleza mambo yampasayo mtu wa Hadado kuyatengeneza angali kwake, wakati kosa bado laweza kusahihishwa.

DESTURI YA SAHAN

Wafugaji wa Kisomali wana desturi njema iitwayo sahan. Kabla ya jamaa kuhama na mifugo yao, hutumwa mtu mmoja au wawili, wenye miguu myepesi na macho makali, waende mbele kuitazama nchi. Huangalia mvua imenyesha wapi, majani yako namna gani, maji ni mengi au haba, maradhi ya wanyama yapo au hayapo, na kama wenyeji wa huko wana amani. Wakisha kurudi na habari, wazee hukaa na kushauriana. Ndipo zile nyumba za miti na mikeka, ziitwazo herio, huvunjwa na kupakiwa juu ya ngamia. Jamaa ihamayo bila sahan yaweza kukifikia kisima kikavu, na wanyama hawana tena nguvu za kurudi.

Watu wenye desturi hiyo hawahitaji kufundishwa maana ya matayarisho. Lililo gumu ni kwamba nchi za ng'ambo hazitazamwi kwa macho. Hutazamwa kwa karatasi: cheti, kitambulisho, pasipoti, kadi ya chanjo na kibali. Kila karatasi huzaliwa na ile iliyotangulia, kama ngamia waliofungwa msururu. Akilala mmoja wa mbele, wote walio nyuma yake husimama.

ZAMANI ZA KUFUNGIWA

Wazee wa Hadado wana sababu ya kuziogopa karatasi. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya Northern Frontier District kuwa wilaya iliyofungwa, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ilizidi kuwapa maofisa nguvu juu ya watu na malisho yao. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, palitokea vita vilivyoitwa vya shifta mpaka mwaka 1967, na hali ya hatari katika sehemu hizo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mambo yaliyotukia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir mjini, mwezi wa Februari 1984, ambapo wanaume wengi wa Kidegodia waliuawa na askari wa serikali, hayajasahauliwa katika nyumba za Wajir Magharibi. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuandikishwa tena peke yao na kupewa kadi za namna yake, ili wathibitishe ya kuwa ni raia. Tena kwa miaka mingi kijana wa sehemu hizo aliyeomba kitambulisho alipaswa kusimama mbele ya kamati ya wazee na maofisa kuhojiwa habari za ukoo wake, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisii hakulijua.

Tarehe 5 Februari 1925 haikuwa na msaada huu, lakini tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha uhojaji huo katika wilaya za mpakani. Tangu zamani Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 12, ilikwisha sema ya kuwa kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za kuandikishwa. Basi mlango uliokuwa umefungwa kwa nje umefunguliwa. Ni juu ya mwenye nyumba naye kuondoa kizuizi kilichobaki ndani, yaani uzito wa kuandikisha watu wake kwa wakati.

KARATASI YA KWANZA

Msomaji na amfikiri mzee mmoja wa Hadado, awe mfano tu, anayetaka kuhiji pamoja na mkewe. Ana ngamia wa kutosha na afya nzuri. Akifika kwa wakala wa Hija, swali la kwanza analoulizwa ni pasipoti. Pasipoti huombwa kwa njia ya mtandao wa serikali uitwao eCitizen, na haiwezi kuombwa bila kitambulisho cha taifa. Mzee anacho chake. Mkewe hana. Alizaliwa malishoni, akaolewa malishoni, na siku zote mumewe ndiye aliyekwenda ofisini. Isitoshe, wanawake wa Kenya hawakuandikishwa kwa vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, na akina mama wengi wa nchi kavu waliendelea kukaa bila hati baada ya hapo.

Safari ya watu wawili sasa imesimama kwa ajili ya karatasi ambayo ingaliweza kupatikana miaka mingi iliyopita. Hapana budi kuanza kwa chifu, kuleta mashahidi, kwenda kwa msajili, kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole, na kungoja. Mtu ambaye vidole vyake vimesuguliwa na kamba za visimani kwa miaka 40 huenda akahitaji kurudia alama hizo zaidi ya mara moja. Haya yote huchukua muda, na Hija haimngoji mtu.

Kuna na tatizo jingine lililowapata watu wa Garissa na Wajir. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Somalia. Katika miaka ya njaa, baadhi ya raia wa Kenya walijiandikisha humo ili wapate chakula na matibabu kwa watoto wao. Watoto hao walipokua na kuomba vitambulisho, alama za vidole vyao zilionekana katika daftari la wakimbizi, na maombi yao yakazuiwa. Gunia la unga la wakati ule limekuwa deni la miaka mingi. Aliye na shida hiyo asingoje mpaka apate nafasi ya masomo au kazi ng'ambo ndipo aanze kuitatua. Na aifuate tangu sasa.

JINA MOJA, HERUFI NYINGI

Jambo ambalo hulidharauliwa na wengi ni jina. Msomali huitwa kwa jina lake, la baba yake, na la babu yake. Hayo matatu hayabadiliki, lakini namna ya kuyaandika hubadilika kwa kadiri ya karani. Karani mmoja ataandika Mohamed, wa pili Mohammed, wa tatu Muhammad. Mtu huyo huyo aweza kuwa Abdi katika kitambulisho na Abdullahi katika cheti cha shule. Tena wazee wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikiwa tarehe 1 Januari ya mwaka uliokisiwa, na ofisi nyingine ikakisia mwaka mwingine.

Nyumbani makosa hayo hayamdhuru mtu, maana kila mmoja anajulikana baba yake ni nani. Lakini ofisa wa uwanja wa ndege hamjui babu wa mtu yeyote. Yeye hulinganisha herufi na herufi. Basi kabla ya kuomba pasipoti, msafiri na azitandaze karatasi zake zote juu ya mkeka, amwite kijana ajuaye kusoma vizuri, na jina lisomwe herufi baada ya herufi. Ikionekana tofauti, isahihishwe kwanza. Kisha tiketi, kadi ya chanjo na kibali viandikwe vile vile kama pasipoti ilivyoandikwa.

Mwenye pasipoti ya zamani naye na aitazame tarehe ya mwisho wake. Nchi nyingi humtaka mgeni awe na pasipoti iliyobakiwa na miezi 6 au zaidi. Na pasipoti za Kenya za aina mpya, zenye kuhifadhi alama za mwenyewe ndani yake, zilianza kutolewa mwaka 2017. Mwenye kile kitabu cha zamani asidhani kitamfikisha popote.

FEDHA NA MAJIRA YA MVUA

Gharama za Hija hulipwa miezi mingi kabla ya safari yenyewe. Hija hufanywa katika mwezi wa Mfunguo Tatu, nao hufuata mwandamo, hata kila mwaka huja mapema kwa siku kama 11. Mwaka 2024 ilikuwa katikati ya Juni. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzo wa Juni. Mfugaji anayehesabu kwa mvua asipoangalia jambo hili, atajikuta anatakiwa kulipa wakati wa kiangazi kikali.

Na kila mfugaji ajua bei ya ngamia wakati wa kiangazi. Mnyama amekonda, wauzaji ni wengi, na mnunuzi ndiye atajaye bei. Mwenye akili huuza baada ya mvua za vuli, mnyama angali na nundu iliyojaa, na fedha akaziweka mahali salama mpaka siku ya kulipa. Watu wa Wajir hawajasahau jinsi mvua zilivyokosekana majira matano mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022. Waliosema, "Nitauza mwakani," walizika mifupa. Akiba haiozi, lakini ngamia hufa.

Fedha zilipwe kwa wakala aliyeidhinishwa, na stakabadhi itunzwe. Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, liitwalo SUPKEM, liliundwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi limeshughulikia mambo ya mahujaji wa Kenya. Kabla ya kumpa wakala hata shilingi moja, msafiri na aulize kama wakala huyo anatambuliwa kwa Hija ya mwaka huo wenyewe. Kutambuliwa mwaka uliopita hakutoshi.

CHANJO

Zamani za meli, mahujaji waliokwenda Jeddah kwa kupitia kusini mwa Bahari ya Shamu waliteremshwa katika kisiwa cha Kamaran, wakawekwa karantini ili maradhi yasiingie Makka. Siku hizi karantini hiyo haipo. Mahali pake pamechukuliwa na sindano na kadi.

Ya kwanza ni chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Maradhi hayo hupita upesi penye msongamano wa watu, na yaliwahi kuzuka kwa ajili ya Hija katika mwaka 1987 na tena mwaka 2000. Serikali ya Saudi Arabia hutaka sindano hiyo iwe imepigwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Ya pili ni chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakiishi baada ya miaka 10 kama zamani. Huenda mtu wa Hadado akauliza kwa nini achanjwe, naye hatoki katika nchi ya misitu. Jibu ni kwamba sheria hutazama nchi nzima, haitazami wilaya; na Kenya imo katika orodha ya nchi zenye maradhi hayo.

Siku 10 ni chache kwa mtu wa Nairobi. Kwa mtu wa Hadado ni jambo la kuhesabiwa, maana kutoka Wajir mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, na mvua ikinyesha gari laweza kukwama njiani. Achanjwaye siku ya mwisho amenunua wasiwasi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu na achukue dawa za kutosha, katika vyombo vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari.

KIBALI SI JAMBO LA KUPUUZWA

Wapo watu wanaoshawishiwa kwenda Makka kwa viza ya matembezi, kwa kuwa ni rahisi, wakiahidiwa ya kuwa watajichanganya na mahujaji. Msomaji na akumbuke yaliyotukia mwaka 2024. Joto la Makka lilipita digrii 50, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza ya kuwa watu 1,301 walikufa katika Hija ile. Katika kila 100 waliokufa, 83 hawakuwa na kibali. Mwenye kibali ana hema lenye kipoza hewa, ana gari, na ana kiongozi anayemtafuta akipotea. Asiye nacho hutembea juani kwa miguu, akijificha.

Mtu wa Wajir aweza kusema kwamba yeye na jua ni ndugu. Ni kweli, lakini kwao hupumzika chini ya mti wakati wa adhuhuri, na kivuli cha herio hakiko mbali. Katika Mina na Arafa kuna mamia ya maelfu ya watu, mawe na lami, na saa ya ibada haichaguliwi na mwenye kuchoka.

Onyo hilo hilo lawafaa vijana waendao Ghuba kufanya kazi. Wakala na aulizwe kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama ameandikishwa. Mkataba usomwe na mtu aelewaye, na nakala yake ibaki nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti na namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi ile. Aendaye kufanya kazi kwa viza ya matembezi amekwisha poteza nusu ya haki zake kabla ya kuondoka.

MZIGO

Mzigo wa hujaji ni mdogo: shuka mbili nyeupe zisizoshonwa kwa mwanamume, nguo za heshima kwa mwanamke, viatu vyepesi, mwavuli, na kifuko cha kuvaa shingoni kwa pasipoti na fedha. Akina mama wa Kisomali hupenda kumfungia msafiri nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli. Ni chakula chema cha njiani, lakini watu wa forodha wa nchi nyingine huweza kukizuia. Afadhali kiliwe kabla ya kupanda ndege.

Jambo moja halina mzaha. Miraa huliwa wazi katika Wajir, na gari la miraa hungojwa kila siku. Katika Saudi Arabia ni kosa kubwa. Hata jani moja lililosahauliwa mfukoni mwa koti laweza kumwingiza mtu gerezani. Kwa sababu hiyo nguo zikung'utwe, mifuko igeuzwe, na mzigo ufungwe na mwenyewe. Wala asikubali kubeba furushi la mtu mwingine, hata akiombwa na jamaa wa karibu, kama halikufunguliwa mbele yake.

MADENI NA WASIA

Yapo matayarisho yasiyoandikwa katika ofisi yoyote, na wazee wa Hadado huyajua vizuri kuliko makarani. Hija humlazimu mwenye uwezo, na uwezo huo ni pamoja na kuwaachia wa nyumbani chakula cha kuwatosha mpaka arudi. Madeni hulipwa, au mwenye kudai huombwa muda mbele ya mashahidi. Wasia hutajwa: ngamia gani ni wa nani, amana gani iko kwa nani, na nani atasimamia kisima. Majirani huendewa nyumba kwa nyumba na kuombwa radhi. Watu wawili ambao hawakusemezana tangu ugomvi wa malisho huonekana wakinywa chai ya maziwa pamoja, kwa sababu mmoja wao anasafiri na hajui kama atarudi.

Afadhali na hesabu hizo ziandikwe, hata katika daftari la mtoto wa shule, na ziwekwe kwa mtu mwaminifu. Neno la mdomo ni zuri wakati msemaji yupo.

MWANZO WA KWELI WA SAFARI

Mtu akihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupanda ndege, ataona ya kuwa kibali kilingoja pasipoti, pasipoti ikangoja kitambulisho, na kitambulisho kikangoja ushahidi wa mahali mtu alipozaliwa. Basi mwanzo wa safari ya ng'ambo ni siku ya kuzaliwa. Sheria ya Kenya huhesabu kuandikishwa kwa mtoto kuwa kumechelewa miezi 6 ikipita, na naibu wa chifu ndiye apokeaye habari za mtoto aliyezaliwa nyumbani. Kwa mtu aliye malishoni mwendo huo ni wa kuchosha, lakini ni mfupi kuliko miaka ya kuzunguka ofisini akiwa mtu mzima.

Mtoto aliyezaliwa juma hili katika herio iliyo mbali na Hadado hajui habari za Makka, wala za chuo kikuu, wala za ndege. Baba yake na amfanyie sahan. Aende kwa naibu wa chifu akiwa na jina la mtoto, la baba na la babu, ahakikishe herufi zake, na arudi na karatasi hiyo akaitunze mahali pasipofika mvua wala mchwa. Siku mtoto atakapotaka kwenda mbali, atakuta njia imekwisha tazamwa.